Kinundu Mapafuni, Asili Mji wa Mimba: Fibroidi Zinazosambaa Bila Kuwa Saratani

Mwanamke wa miaka 47, mkazi wa Bunda, anakohoa kwa wiki kadhaa. Anafika hospitalini, anapigwa picha ya eksirei ya kifua, na picha hiyo inaonyesha vinundu vya mviringo katika mapafu yote mawili. Makohozi yake yanapimwa na hayaonyeshi vimelea vya kifua kikuu. Hana homa, hatoki jasho usiku, wala hajakonda. Miaka 11 iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kutoa fibroidi, lakini hakuna anayemuuliza jambo hilo, naye haoni sababu ya kulitaja, kwa kuwa kwake tumbo na kifua ni mambo mawili mbalimbali. Ndugu zake waliokaa kwenye benchi la nje wanaambiwa kwamba huenda ni saratani iliyokwisha kusambaa. Jioni hiyo wanaanza kuzungumza juu ya kuuza ng'ombe.

Mwanamke huyu ni wa mfano tu, lakini njia anayoipitia inaweza kumkuta mwanamke yeyote wa Musoma, Bunda au Butiama. Vinundu vya namna hii mara nyingi huwa ni maradhi yanayojulikana sana: kifua kikuu, au saratani iliyotoka kiungo kingine. Mara chache, hata hivyo, huwa ni kitu kingine kabisa: fibroidi ya mji wa mimba iliyohamia mapafuni bila kugeuka kuwa saratani. Makala hii inaeleza hali hiyo ni nini, hutokeaje, hutambuliwaje, na kwa nini karatasi ya upasuaji wa zamani inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kipimo kipya.

Fibroidi na mwenendo wake wa kawaida

Ukuta wa mji wa mimba umejengwa kwa misuli laini, yaani misuli inayofanya kazi bila kuamriwa na nia ya mtu, kama ile ya utumbo na ya mishipa ya damu. Misuli hiyo ndiyo inayojikaza wakati wa hedhi na wakati wa uchungu wa kuzaa. Seli moja ya misuli hiyo inapopata hitilafu katika vinasaba vyake na kuanza kujigawa kupita kiasi, hutokea uvimbe mgumu wa mviringo. Uvimbe huo wataalamu huuita leiomayoma, na watu wengi huufahamu kwa jina la fibroidi.

Fibroidi ni miongoni mwa uvimbe unaowapata wanawake wengi zaidi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa Washington nchini Marekani kwa kutumia altrasaundi, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wamepata fibroidi. Wengi wao hawajui kwamba wanazo. Wengine hutokwa na damu nyingi ya hedhi hadi kupungukiwa damu, huumwa kiuno, hukojoa mara kwa mara, au hupata shida ya kushika na kubeba mimba.

Chakula cha fibroidi ni homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana haziwapati wasichana ambao hawajavunja ungo, hukua katika miaka ya uzazi, na kwa kawaida husinyaa hedhi inapokoma. Jambo hili litafaa kukumbukwa mbele, tiba itakapojadiliwa.

Kwa kanuni ya jumla, fibroidi hukaa pale ilipoota. Inaweza kukua ikafikia ukubwa wa boga, ikasukuma kibofu na utumbo, lakini haivuki mpaka kwenda kuanzisha makazi katika kiungo kingine. Kuvuka mpaka ni tabia ya saratani. Hali inayoelezwa hapa inashangaza kwa sababu inaivunja kanuni hiyo.

Sura tatu za uvimbe unaohama

Mwaka 1939 mwanapatholojia wa Marekani, Paul Steiner, alieleza habari za mwanamke aliyefariki dunia kwa moyo kushindwa kufanya kazi, baada ya mapafu yake kujaa uvimbe. Steiner alipouchunguza uvimbe huo kwa hadubini, aliona seli za misuli laini zilizo tulivu, zinazofanana na zile za fibroidi ya mji wa mimba. Hakuona dalili za saratani. Tangu hapo hali hiyo ikaitwa leiomayoma isiyo saratani inayosambaa. Jina hilo linajipinga lenyewe, na hadi leo wataalamu hawajapata jingine lililo bora zaidi.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza, na mapafu ndiyo makazi yake makuu. Kwa kawaida humpata mwanamke wa makamo ambaye miaka ya nyuma, pengine 10 au hata 20, alitolewa fibroidi au aliondolewa mji wa mimba. Mara nyingi haumwi chochote, na vinundu huonekana kwa bahati katika picha iliyopigwa kwa sababu nyingine. Wachache hukohoa, huumwa kifua au huishiwa pumzi. Mara chache zaidi uvimbe huonekana katika mifupa, tezi za limfu, ngozi au moyo.

Sura ya pili ilielezwa mapema zaidi, mwaka 1896, na Birch-Hirschfeld wa Ujerumani. Hapa misuli ya fibroidi huota kuelekea ndani ya mishipa ya vena ya mji wa mimba na kutambaa humo kama mzizi wa mtango. Mzizi huo unaweza kupanda kupitia vena kubwa ya tumbo mpaka chumba cha kulia cha moyo. Mgonjwa huvimba miguu, huishiwa pumzi, hupata kizunguzungu au huzimia. Hata kama seli zake si za saratani, uvimbe unaoziba mlango wa moyo unaweza kuua ghafla.

Sura ya tatu ilielezwa mwaka 1952. Vinundu vidogo vingi vya misuli laini hutapakaa juu ya utando unaofunika utumbo na kuta za tumbo. Hali hii imehusishwa na vipindi ambavyo homoni za kike huwa juu mwilini, ukiwamo ujauzito. Daktari anayefungua tumbo na kuviona kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba ni saratani ya ovari iliyoenea. Macho matupu hayawezi kutofautisha.

Uvimbe huhamaje?

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba seli za fibroidi huingia katika mishipa ya vena ya mji wa mimba na kusafirishwa na damu. Damu yote ya vena za nyonga hupita upande wa kulia wa moyo na kusukumwa mapafuni, ambako huchujwa katika mishipa midogo mno. Seli iliyobebwa na mkondo huo hukwama hapo, na ikipata homoni za kutosha hukua polepole. Hii inaeleza kwa nini mapafu ndiyo yanayoshambuliwa zaidi, na kwa nini miaka mingi hupita kabla ya kinundu kuonekana.

Uchunguzi wa vinasaba umeunga mkono maelezo hayo. Kila seli ya mwanamke ina kromosomu X mbili, moja ikiwa imezimwa. Watafiti walipolinganisha uvimbe wa mapafuni na ule wa mji wa mimba wa mwanamke yuleyule, walikuta kromosomu iliyozimwa ni ileile katika uvimbe wote, dalili kwamba asili yao ni seli moja. Aidha, uvimbe huu umeonekana kupoteza vipande mahususi vya kromosomu ya 19 na ya 22, jambo ambalo si la kawaida kwa fibroidi nyingi. Kwa hiyo inaelekea kwamba fibroidi zinazohama ni kundi dogo lenye tabia yake, wala si kila fibroidi iliyo njiani kuhama.

Njia nyingine inahusu upasuaji. Katika nchi zenye upasuaji wa matundu madogo, uvimbe mkubwa umekuwa ukikatwakatwa kwa mashine ndani ya tumbo ili vipande vipite kwenye tundu. Vipande vilivyosalia vinaweza kujipandikiza juu ya utando wa tumbo. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizo, hasa kwa kuwa ilikadiriwa kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji kwa ajili ya fibroidi huwa na sarkoma ya mji wa mimba iliyojificha. Katika hospitali nyingi za Tanzania fibroidi bado hutolewa kwa kufungua tumbo, kwa hiyo hatari hiyo mahususi ni ndogo. Hata hivyo, kadiri upasuaji wa matundu madogo unavyoenea, somo hilo linapaswa kutangulia kuliko mashine zenyewe.

Hapa pana tahadhari moja. Hali hii ni adimu mno. Mwanamke mwenye fibroidi hana sababu ya kuogopa kwamba zitahamia mapafuni, na anayehitaji upasuaji hapaswi kuukimbia kwa hofu hiyo. Damu nyingi ya hedhi isiyotibiwa huwaumiza wanawake wengi zaidi kuliko uvimbe unaohama.

Kwa nini hufananishwa na maradhi mengine

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani kwa orodha ya Shirika la Afya Duniani. Mkoani Mara wapo wavuvi wanaolala kwa msongamano kambini, na wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Buhemba wilayani Butiama, ambao vumbi la mawe huwaongezea hatari ya ugonjwa huo. Tabibu anayeona doa mapafuni na kufikiria kwanza kifua kikuu anafikiri sawasawa. Kosa huanza pale mgonjwa asiye na dalili, ambaye vipimo vyake havijathibitisha kitu, anapomaliza miezi 6 ya dawa, vinundu vikabaki vilevile, na hakuna anayeuliza swali jipya.

Dhana ya pili ni saratani iliyosambaa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na inaweza kufika mapafuni. Vivyo hivyo saratani ya matiti, na ile inayotokana na masalia ya kondo la nyuma. Kosa hapa ni zito kuliko lile la kwanza, maana linaweza kumfikisha mgonjwa mahali pa kuagwa. Familia hujiandaa kwa msiba, mali huuzwa, watoto hutolewa shule, wakati mgonjwa mwenyewe angeweza kuishi miaka mingi.

Dhana ya tatu husahaulika, nayo inahusu Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanaweza kupata uvimbe wa misuli laini unaosababishwa na virusi vya Epstein-Barr. Uvimbe huo huweza kuota sehemu mbalimbali za mwili, na kwa hadubini ya kawaida unaweza kufanana na ule uliotoka mji wa mimba. Kwa hiyo kuona misuli laini mapafuni hakutoshi. Lazima ijulikane hali ya kinga ya mgonjwa na asili ya seli zenyewe.

Hadubini ndiyo hakimu

Picha ya eksirei huonyesha kwamba kipo kitu. Kipimo cha CT huonyesha idadi yake, ukubwa wake na mahali kilipo. Vyote viwili haviwezi kusema kitu hicho ni nini. Jibu hupatikana kwa kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, na kukipeleka kwa mwanapatholojia.

Mwanapatholojia hutazama mambo matatu makuu. La kwanza ni kasi ya seli kujigawa, ambayo huhesabiwa chini ya hadubini. Fibroidi tulivu huonyesha mgawanyiko mchache sana. La pili ni sura ya viini vya seli: je, vinafanana, au vimekuwa vikubwa, vyeusi na vya maumbo yasiyo na mpangilio? La tatu ni kama kuna sehemu za uvimbe zilizokufa kwa namna inayoonekana katika saratani. Dalili hizi zikijitokeza kwa nguvu, uvimbe ni sarkoma, yaani saratani ya misuli. Zisipokuwapo, uvimbe si saratani. Liko pia kundi la katikati, ambalo mwenendo wake hautabiriki na mgonjwa wake huhitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Baada ya hapo hutumika rangi maalumu za kingamwili. Baadhi huthibitisha kwamba seli ni za misuli laini. Nyingine hutafuta vipokezi vya estrojeni na projesteroni. Vinundu vya mapafuni vikiwa na vipokezi hivyo kwa wingi, huo ni ushahidi mkubwa kwamba asili yake ni mji wa mimba. Hatua ya mwisho, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni kulinganisha: kinyama cha leo huwekwa kando ya uvimbe uliotolewa miaka ile. Ikiwa uvimbe wa kwanza ulikuwa sarkoma iliyopita bila kutambuliwa, hadubini itausaliti. Ikiwa ulikuwa fibroidi tulivu, mgonjwa atapewa habari ambayo hakuitarajia.

Tiba

Kwa kuwa uvimbe huu hula homoni, njia kuu ya kuudhibiti ni kuunyima chakula. Kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, na ambaye haumwi, madaktari wanaweza kuchagua kumfuatilia kwa picha za mara kwa mara, kwa kuwa vinundu huweza kutulia au kusinyaa wakati homoni zinaposhuka zenyewe. Kwa mwingine, hutumika dawa zinazozima kazi ya ovari, dawa za jamii ya projestini, au zile zinazozuia kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni. Kwa wengine huondolewa ovari zenyewe. Uamuzi huo hupimwa kwa makini, maana mwanamke anayenyimwa homoni mapema hupata joto la ghafla mwilini na mifupa yake hupungua uimara.

Vinundu vichache vinavyofikika vinaweza kutolewa kwa upasuaji. Uvimbe uliotambaa ndani ya vena hadi moyoni huhitaji upasuaji mkubwa unaowaunganisha madaktari wa wanawake, wa mishipa na wa moyo. Upasuaji wa moyo wa namna hiyo nchini ni kazi ya vituo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Dawa kali za saratani kwa kawaida hazihitajiki. Kumpa mgonjwa huyu dawa hizo kwa kudhani ana sarkoma ni kumtesa bila faida. Wagonjwa walio wengi wa uvimbe wa mapafuni huishi miaka mingi.

Daftari na nta

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara inaihusu afya pia. Mwanamke anayetolewa fibroidi Bunda leo anaweza kukohoa Musoma miaka 15 baadaye, akaandikiwa rufaa ya Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma. Katika muda huo waganga wamehama, mafaili yamehamishwa, na makovu ya tumboni hayawezi kueleza ni kitu gani kilitolewa.

Mambo mawili hulinda habari hiyo. La kwanza ni uvimbe wenyewe. Ndugu wakioneshwa uvimbe ndani ya beseni huridhika kwamba kazi imefanyika, lakini kuuona si kuupima. Uvimbe unaotolewa unapaswa kupelekwa maabara ya patholojia, hata kama unaonekana wa kawaida kabisa. Huwekwa katika fomalini ya asilimia 10, kwa kiasi kinachofikia takriban mara 10 ya ukubwa wa nyama inayohifadhiwa. Uvimbe mkubwa hupasuliwa ili dawa ifike ndani, la sivyo moyo wake huoza kabla ya kupimwa. Maabarani, vipande vyake huhifadhiwa ndani ya nta, na vikitunzwa vizuri vinaweza kukatwa na kuchunguzwa upya baada ya miaka mingi. Jibu la swali litakaloulizwa miaka 15 ijayo linaweza kuwa limelala ndani ya kipande hicho cha nta.

La pili ni maandishi. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali ana haki ya kujua na kuandikiwa: upasuaji gani umefanyika, lini na wapi, ni fibroidi tu zilizotolewa au mji wa mimba wote, ovari zimeachwa au zimeondolewa, na namba ya kipimo cha patholojia pamoja na jibu lake. Karatasi hiyo ihifadhiwe mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za shamba. Kwa upande wa watoa huduma, swali moja fupi linatosha kubadili mkondo wa uchunguzi: “Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la uzazi?” Swali hilo halihitaji mashine. Linaweza kuulizwa katika zahanati ya kijiji kama linavyoweza kuulizwa katika hospitali ya rufaa.

Mwanamke yule wa Bunda, ndugu wakiwa bado wanahesabu ng'ombe, anaulizwa swali hilo na muuguzi anayeandika historia yake upya. Anasema ndiyo. Dada yake anarudi nyumbani, anafungua sanduku la bati, na kulitoa daftari la kliniki lililofungwa katika mfuko wa nailoni. Ndani yake kuna karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye namba ya maabara. Karatasi hiyo haimponyi mtu, wala haithibitishi kwamba vinundu si saratani. Lakini sasa mwanapatholojia anajua pa kuanzia, daktari ana jambo la kuthibitisha kabla ya kutamka neno zito, na ng'ombe wanaweza kubaki zizini mpaka jibu litoke.